Nguo za Kuhani Yoshua

Jumatano moja, wiki sita zilizopita, tulikuwa kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, watu kumi na wawili tumebanana sebuleni kwa mama mmoja wa mtaa wetu, na zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Somo lilikuwa Zekaria sura ya tatu. Nilipofika pale ambapo Bwana anamkemea Shetani na kumwita kuhani mkuu Yoshua "kinga kilichotolewa motoni", mjukuu wa mwenye nyumba, mtoto wa darasa la nne, akanyoosha mkono kana kwamba yuko shuleni.

"Babu, kinga si chanjo?"

Watu wazima walicheka. Mzee aliyekuwa akiongoza ibada hakucheka. Alimtuma mtoto uani, kwenye mafiga, akaombe kinga kimoja kwa dada aliyekuwa akipika. Mtoto akarudi ameshika kwa mikono miwili kipande cha mkaratusi chenye urefu wa mkono wa mtu mzima: upande mmoja gome bado lipo, upande wa pili umekuwa mweusi na kupasukapasuka kama ngozi ya mamba, na ncha yake ikiwaka wekundu kila alipopiga hatua. Moshi ukajaa sebule. Mama mwenye nyumba akaanza kulalamikia mapazia yake. Mzee akakipokea kile kinga, akakigeuza mara mbili mbele ya macho ya mtoto, akasema, "Ndicho hiki, mjukuu wangu. Haya, msomaji, endelea."

Niliendelea. Lakini nilirudi nyumbani shati likinuka moshi, na tangu siku hiyo huyu Yoshua mwana wa Yehosadaki hajaniacha.

Nilikuwa nimeusoma mstari ule mara nyingi na kuuelewa kama habari ya wokovu tu: kitu kilikuwa motoni, kikatolewa, tumshukuru Mungu. Sikuwahi kukitazama kinga chenyewe. Hakuna anayetoa motoni kuni mbichi. Kinachotolewa kimeshika moto tayari, na hata kikipoa kitabaki na upande wake mweusi.

## Moto ulioanza kabla yake

Babu yake Yoshua, Seraya, alikuwa kuhani mkuu Yerusalemu ilipoangushwa na Wababeli, mwaka 586 KK, au 587 kwa hesabu ya wanazuoni wengine. Hakufia vitani wala hekaluni. Alikamatwa akiwa hai, akasafirishwa kaskazini hadi Ribla katika nchi ya Hamathi, kwenye kambi ya Nebukadneza, na huko akauawa pamoja na kuhani wa pili, mabawabu watatu na maofisa kadhaa wa mji. Ukisoma orodha hiyo mwishoni mwa kitabu cha pili cha Wafalme unaona kuwa hayakuwa mauaji ya hasira. Yalikuwa mauaji ya karani, mtu baada ya mtu, cheo baada ya cheo.

Baba yake, Yehosadaki, hakuuawa. Alichukuliwa. Mambo ya Nyakati yanampa mstari mmoja tu, na mstari huo hausemi jambo lolote alilolifanya. Unasema alikwenda uhamishoni.

Mara nyingi wiki hizi nimejaribu kuiwazia nyumba hiyo kule Babeli. Mzee ambaye ni kuhani kwa damu, hana madhabahu, hana hekalu, hana hata nguo za kazi, anamfundisha mwanawe namna ya kunyunyiza damu na namna ya kukunja kilemba, kama nahodha anayemfundisha kijana kupanga tanga akiwa juu ya mkeka. Hakuna andiko linalotuonyesha somo hilo. Lakini lazima lilikuwepo, kwa sababu Koreshi wa Uajemi alipoitwaa Babeli mwaka 539 KK na kuwaruhusu Wayahudi kurudi, kijana huyo, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alifika Yerusalemu akijua la kufanya.

Na jambo la kwanza alilolifanya halikuwa kujenga ukuta wala nyumba. Katika mwezi wa saba, yeye na Zerubabeli, mjukuu wa mfalme Yekonia, walisimamisha madhabahu mahali pale pale pa zamani, msingi wa hekalu ukiwa haujawekwa, na Ezra anatoa sababu ambayo wahubiri wetu huiruka: waliogopa. Waliwaogopa watu wa nchi zile, ndiyo maana wakaharakisha madhabahu.

Hapa niweke jambo dogo kabla sijaendelea, kwa sababu limewapotosha wengi, mimi nikiwemo. Biblia yetu ya Kiswahili inamwita mtu huyu Yoshua katika Hagai na Zekaria, halafu inamwita Yeshua katika Ezra na Nehemia, na baba yake mara ni Yehosadaki, mara ni Yosadaki. Ni mtu mmoja. Jina lenyewe pia ni moja, refu na fupi, na hilo fupi lilipopita kwenye Kigiriki ndilo lililotufikia sisi kama Yesu. Wakristo wa kwanza waliliona hilo upesi sana. Justin Martyr, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, aliliweka katikati ya hoja yake alipolifafanua ono la Zekaria. Mimi leo sitakwenda huko. Nataka nibaki na Yoshua mwenyewe, ambaye mara nyingi tunamkanyaga tukimkimbilia mwingine.

## Mashtaka yasiyosomwa

Ono lilikuja usiku wa siku ya ishirini na nne ya mwezi wa kumi na moja, mwaka wa pili wa mfalme Dario wa Uajemi. Wanaolinganisha kalenda wanaiweka siku hiyo kuwa 15 Februari 519 KK. Hekalu lilikuwa limeanza kujengwa upya miezi mitano nyuma, baada ya kusimama kwa miaka mingi. Zekaria anaona baraza la hukumu: Yoshua amesimama mbele ya malaika, mshitaki amesimama mkono wake wa kuume.

Nasema mshitaki kwa makusudi. Katika Kiebrania neno hilo hapa lina kitambulishi mbele yake, yaani ni cheo zaidi ya kuwa jina, kama vile sisi tunavyosema mwendesha mashtaka. Na ajabu ya kesi hii ni kwamba mashtaka hayasomwi. Mshitaki hatamki hata neno moja. Mshitakiwa naye hatamki neno. Anayesema ni upande wa hakimu peke yake, na anaanza kwa kumnyamazisha mtu ambaye hatujamsikia.

Tunachopewa badala ya mashtaka ni nguo.

Yoshua amevaa nguo chafu, na wafasiri wetu walistahi walipoandika hivyo, kwa maana neno la Kiebrania lina undugu na neno la kinyesi. Si vumbi la safari wala masizi. Ni uchafu ambao sheria ya Musa ilitaka ufukiwe nje ya kambi, na huyu amesimama nao mwilini mbele ya malaika wa Bwana, akiwa kuhani mkuu.

Kwa miaka yote nilifundishwa kwamba ile ni dhambi yake binafsi, na kweli malaika anamwambia kwamba amemwondolea uovu wake. Lakini mistari michache baadaye kuna uovu wa nchi nzima utakaoondolewa kwa siku moja. Sasa ni uovu wa nani? Nilikaa na swali hilo wiki mbili, nikirudia sura ile ile, hadi nilipofungua Hagai kutafuta tarehe tu na kukutana na jambo ambalo sikuwa nalitafuta.

Miezi miwili kabla ya ono la Zekaria, mnamo 18 Desemba 520 KK kwa kalenda yetu, Hagai aliwaendea makuhani na maswali mawili ya sheria. La kwanza: mtu akibeba nyama takatifu katika upindo wa nguo yake, na upindo huo ukagusa mkate au mafuta au divai, je, vitu hivyo vitakuwa vitakatifu? Makuhani wakajibu, hapana. La pili: mtu aliyenajisiwa kwa maiti akigusa vitu hivyo, je, vitakuwa najisi? Wakajibu, ndiyo.

Kwa maneno mengine, utakatifu hauambukizi, lakini unajisi unaambukiza.

Mtoto wa darasa la nne hakukosea sana.

Kiongozi wa makuhani hao waliojibu alikuwa Yoshua, na jibu lao lilimfunga yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Alilelewa katika nchi ambayo manabii waliiita najisi. Alitoka katika nyumba ya babu aliyeuawa na baba aliyechukuliwa. Kama unajisi unaambukiza kwa upindo wa nguo, basi nguo zake zote ni upindo. Na yeye ndiye anayetakiwa kuwatakasa wengine. Atamtakasa nani, na yeye atatakaswa na nani, ikiwa juu yake hakuna kuhani mwingine?

Nadhani mshitaki hakuhitaji kusema neno. Sheria ilikuwa upande wake.

Ndiyo maana, naona, kesi haikuamuliwa kwa hoja. Hakuna shahidi, hakuna utetezi, hakuna anayesema kwamba zile nguo si chafu kiasi hicho. Hakimu anaamuru zivuliwe. Yoshua anasimama pale kama mtoto anayeogeshwa au kama maiti anayeoshwa, akivuliwa na kuvikwa na mikono ya wengine.

## Kilemba na taji

Kisha kinatokea kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona. Wakati Yoshua anavikwa, Zekaria, ambaye yuko ndani ya ono kama mtazamaji tu, anashindwa kuvumilia na kuingilia: wampige kilemba safi kichwani! Nabii anakatiza baraza la mbinguni kwa sababu ya nguo ya kichwani. Na wanamsikiliza.

Kwetu sisi neno kilemba si kitambaa tu. Ni ada anayopewa fundi na mwanagenzi aliyehitimu, ni haki ya mjomba katika mahari ya binti. Ni heshima inayotolewa na mwingine. Mtu hajivishi kilemba mwenyewe akaheshimika. Lakini pia tuna kilemba cha ukoka, na nakiri kwamba nilipoisoma tena sura hii wasiwasi ulinijia kwamba huenda Yoshua alivikwa hicho. Waajemi walikuwa na jimbo dogo, maskini, lisilo na mfalme, na kuhani mwenye kilemba alikuwa salama zaidi kwao kuliko mtu wa ukoo wa Daudi mwenye upanga. Dario mwenyewe alikuwa ametoka kuzima maasi karibu kila upande wa milki yake, na aliyachonga majina ya walioasi kwenye mwamba wa Behistun ili kila mtu ayaone.

Katika hali hiyo sura ya sita inatisha. Zekaria anaambiwa achukue fedha na dhahabu kwa watu waliofika kutoka Babeli, aende nyumbani kwa Yosia mwana wa Sefania, atengeneze taji, na amvike Yoshua kichwani. Kiebrania kinasema mataji, kwa wingi. Kisha maneno yanayofuata ni ya mtu aitwaye Chipukizi, ambaye atalijenga hekalu na kuketi katika kiti cha enzi, na pembeni yake yuko kuhani, na kati yao hao wawili kuna shauri la amani. Ukisoma polepole unajiuliza: kama Yoshua ndiye kuhani, basi mwenye kiti cha enzi ni nani, na taji la pili liko wapi? Wanazuoni wengi wamekisia kwamba hapo mwanzo palikuwa na Zerubabeli, ambaye Hagai alikuwa amemwita pete yenye muhuri, na kwamba jina lake liliondolewa mambo yalipobadilika.

Sijui kama ninaikubali dhana hiyo kikamilifu. Ninachokiona mwenyewe katika maandiko ni kwamba Zerubabeli anatoweka. Ezra anamtaja akianza tena ujenzi pamoja na Yoshua, liwali Tatenai anakuja na maswali yake, barua zinakwenda kwa Dario na kurudi, na hekalu linapokamilika, siku ya tatu ya mwezi wa Adari, mwaka wa sita wa Dario, yaani Machi 515 KK, hayupo. Hakuna kifo kilichoandikwa, hakuna kufukuzwa, hakuna kaburi.

Wahenga wanasema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hapa kinga kimoja kilibaki peke yake mafigani.

Na hata hicho kimoja hakionekani vizuri. Rudi usome habari ya kuwekwa wakfu kwa hekalu: kuna mafahali 100, kondoo waume 200, wana-kondoo 400, mbuzi 12 kwa hesabu ya makabila, kuna makuhani na Walawi kwa zamu zao. Jina la Yoshua halimo. Mtu aliyepeleka familia nzima ya makuhani kuvuka jangwa, aliyesimamisha madhabahu kwa hofu, aliyevuliwa na kuvikwa mbele ya baraza la mbinguni, hatajwi siku ya sherehe. Lile taji nalo halikubaki kichwani mwake. Liliwekwa hekaluni kuwa ukumbusho, na ukumbusho huo ulikuwa wa watu wanne wengine, wakiwemo waliotoa fedha na dhahabu yao.

## Neno lake moja

Nilipoona kwamba amenyamaza katika ono, nilianza kutafuta mahali ambapo Yoshua anasema chochote. Nilipitia Hagai: anaambiwa, anatiwa moyo, roho yake inaamshwa, hasemi. Zekaria: hasemi. Nehemia: ni jina katika orodha.

Nilimpata mara moja tu, katika Ezra sura ya nne, na hata hapo hasemi peke yake.

Watu wa nchi, ambao kwa kawaida tunawaelewa kuwa wa upande wa Samaria, walikuja na ombi. Walisema: tujenge pamoja nanyi, kwa maana sisi nasi tunamtafuta Mungu wenu na kumtolea sadaka tangu zamani. Zerubabeli, Yeshua na wakuu wengine wakajibu kwa sauti moja kwamba hao hawana sehemu katika kumjengea Mungu nyumba, na kwamba wao peke yao ndio watakaojenga.

Hilo ndilo neno lake pekee lililohifadhiwa.

Nilikasirika, sitaficha. Wiki nzima sikutaka kuendelea na mtu huyu. Wapo watakaoniambia kwamba mwandishi wa Ezra ameshawaita watu wale adui kabla hawajafungua midomo, na kwamba baadaye walionyesha uadui wao kwa vitendo, na kwamba watu 42,360 waliorudi wangemezwa kama wasingejitenga. Najua. Najua pia kwamba ukali huo ulianzia ndani: koo tatu za makuhani waliorudi nao hazikuona majina yao kwenye kitabu cha nasaba, zikaondolewa katika ukuhani hadi atakapopatikana kuhani mwenye Urimu na Thumimu, kura takatifu za kuuliza shauri la Mungu. Mtu anayewafungia mlango ndugu zake kwa kukosa karatasi hawezi kumfungulia mgeni.

Hata hivyo kuna mpangilio wa mambo ambao siwezi kuupita. Kukataa kule kulikuja kabla ya ono. Aliyewaambia wengine kwamba hawafai ndiye aliyekuja kusimama mbele ya baraza akiwa amevaa kinyesi, bila cheti chochote cha kumtetea, akavikwa bure.

Je, alijifunza kitu? Maandiko hayasemi, lakini nimeshika uzi mmoja mwembamba. Hekalu lilipokwisha jengwa, Pasaka ililiwa, na Ezra anaeleza waliokula: wana wa Israeli waliorudi kutoka uhamishoni, pamoja na wote waliojitenga na uchafu wa mataifa ya nchi ili kumtafuta Bwana. Kumtafuta: ni neno lile lile walilolitumia waliokataliwa. Ni mlango mdogo, una masharti, lakini miaka ya nyuma haukuwepo. Ningependa kuamini kwamba aliyeuacha wazi ni mtu aliyekumbuka namna alivyovuliwa nguo.

## Ukimya kama kosa

Halafu nikafika kwa wanawe.

Mwaka 458 KK kwa hesabu ya kawaida, miaka zaidi ya 60 baada ya ono, mwandishi Ezra anawakusanya watu chini ya mvua, wakitetemeka, ili wawaache wake wa kigeni. Orodha ya waliopatikana na kosa inaanza na makuhani, na makuhani wanaanza na wana wa Yeshua mwana wa Yosadaki na ndugu zake: Maaseya, Eliezeri, Yaribu na Gedalia. Kwa urefu wa muda huo huenda ni wajukuu. Walitoa mikono yao kwa ahadi ya kuwaacha wake zao, wakatoa kondoo mume kwa ajili ya hatia. Mstari wa mwisho wa sura hiyo unakumbusha kwamba baadhi ya wanawake hao walikuwa na watoto. Kisha sura inaisha. Hatuambiwi walikwenda wapi.

Marabi wa Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, katika sehemu yake iitwayo Sanhedrini, waliliunganisha jambo hili na nguo chafu kwa namna iliyonishangaza. Wanasimulia kwamba Nebukadneza alimtupa Yoshua katika tanuru pamoja na manabii wawili wa uongo, Ahabu na Sedekia. Wawili wale waliteketea. Yoshua alitoka mzima, lakini nguo zake ziliungua kidogo. Kwa nini, ikiwa alikuwa mwenye haki? Kwa sababu wanawe walioa wanawake wasioufaa ukuhani, naye hakuwakataza.

Hakuwakataza. Alinyamaza.

Hapo ndipo yale yote niliyokuwa nimeyakusanya yalipogeuka. Nilikuwa nauona ukimya wake barazani kama unyenyekevu. Marabi waliuona ukimya huo huo nyumbani kwake na kuuita hatia, na ndio mashtaka ambayo Zekaria hakutusomea. Kwa hiyo mtu huyu anahukumiwa pande zote mbili: alipofungua mdomo aliwafungia wageni nje, na alipoufunga aliwaacha wageni waingie kwa njia ya ndoa. Marabi wanasema kosa lake ni la pili. Moyo wangu unasema ni la kwanza. Na wale wanawake wasio na majina, walioachwa na wazao wake chini ya mvua ile, sijui wangesema ni lipi.

## Barua ya Elephantine

Aliacha ofisi, na ofisi ilidumu. Mwanawe Yoyakimu aliirithi, kisha Eliashibu, ambaye alilijenga Lango la Kondoo pamoja na Nehemia na baadaye akampa adui wa Nehemia chumba ndani ya hekalu, kisha Yoyada. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anahesabu makuhani wakuu 15 wa uzao wake kwa miaka 414, hadi siku za mfalme Antioko Eupatori. Miaka ameizidisha, lakini urefu wa jambo lenyewe ni wa kweli. Ukoo huo ulimzaa Yohanani, ambaye ni kilembwe wa Yoshua kwa mstari mmoja wa Nehemia na kitukuu kwa mstari mwingine. Josephus huyo huyo anasimulia kwamba Yohanani alimuua ndugu yake ndani ya hekalu wakigombea cheo.

Ndugu aliyeuawa aliitwa Yeshua, jina la babu yao.

Lakini kilichonikaa zaidi kuhusu Yohanani si damu hiyo, ni barua. Katika kisiwa cha Elephantine, kwenye mto Nile karibu na Aswan, palikuwa na askari Wayahudi waliolitumikia jeshi la Waajemi na waliokuwa na hekalu lao wenyewe. Mwaka 410 KK makuhani wa Khnumu, mungu wa Wamisri, kwa msaada wa liwali wa hapo, walilibomoa. Wayahudi wale wakaandika Yerusalemu, kwa kuhani mkuu Yohanani na makuhani wenzake, kuomba msaada. Tunajua hivyo kwa sababu mwaka 407 KK waliandika tena, safari hii kwa liwali wa Yuda, Bagohi, na nakala ya barua hiyo ya Kiaramu ilipatikana kisiwani. Ndani yake wanalalamika kwamba barua yao ya kwanza haikujibiwa. Tangu siku ile wamevaa magunia na kufunga, wake zao wamekuwa kama wajane, na kutoka kwa kuhani mkuu hakuna hata barua moja.

Mwishoni wanaongeza kwamba habari zote wamewaandikia pia Delaya na Shelemya, wana wa Sanbalati, liwali wa Samaria.

Na jibu lilikuja. Ni hati fupi, nayo imehifadhiwa: Bagohi na Delaya kwa pamoja wanaruhusu hekalu lijengwe tena mahali pake, na sadaka ya unga na uvumba itolewe kama zamani. Mtu wa Samaria, wa upande ule ulioambiwa kwamba hauna sehemu katika kujenga nyumba ya Mungu, aliidhinisha nyumba ya Mungu ijengwe. Mrithi wa kilemba alinyamaza.

## Kaburi

Baghdad, upande wa magharibi wa mto Tigri, kuna kaburi ambalo Wayahudi wa mji huo kwa vizazi walilitembelea wakiamini kwamba ni la Yoshua kuhani mkuu. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka peke yangu. Mtu ambaye tendo lake la kwanza katika maandiko ni kuondoka Babeli anazuriwa huko huko, na wazao wa wale waliochagua kubaki. Mwaka 1889, wakati wa kipindupindu, rabi maarufu wa mji, Abdallah Somekh, alizikwa katika uwanja wa kaburi hilo, na ugomvi mkubwa ukazuka kati ya Wayahudi na Waislamu kuhusu mwenye haki na mahali pale. Hata mbele ya kaburi lake kulikuwa na mshitaki na mshitakiwa.

Mwaka 1950 na 1951 Wayahudi zaidi ya 100,000 waliondoka Iraki kwa ndege kwenda Israeli. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari kubwa ya mwisho ya kurudi kutoka Babeli, miaka karibu 2,500 baada ya ile ya kwanza. Operesheni hiyo ilipewa jina kutoka katika Biblia, na waliochaguliwa ni Ezra na Nehemia, ambao wote wawili walirudi baadaye, wakakuta madhabahu imeshasimama.